Sir Harry Johnston, Mchoraji wa Rwenzori

Jina la Sir Harry Hamilton Johnston halikosekani katika vitabu vya historia ya Uganda. Wanafunzi hulisoma pamoja na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Lakini ni wachache miongoni mwao, na pengine miongoni mwa walimu wao pia, wajuao kwamba mtu huyu aliyeigawa nchi kwa kalamu alikuwa kwanza mtu wa brashi na rangi. Alisomea uchoraji katika chuo kikubwa, akakusudia kuishi kwa kazi hiyo, na hata alipokuwa mtawala mwenye askari na mahakama chini ya amri yake hakuacha kubeba kisanduku chake cha rangi.

Leo twapenda kumtazama kwa upande huo usiosemwa sana. Twafanya hivyo tukiwa hapa Bwera, chini ya milima ya Rwenzori, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya picha zake zilizo bora zilitokana na milima hii na msitu ulio ng'ambo yake. Ya pili ni kwamba watu wa milima hii ndio walioishi kwa muda mrefu na matokeo ya kalamu yake. Haifai kuisifu brashi tukaisahau kalamu, wala haifai kuilaumu kalamu tukajifanya kwamba brashi haikuwepo.

Harry Johnston alizaliwa tarehe 12 Juni, 1858, katika mtaa wa Kennington, kusini mwa mji wa London. Baba yake alikuwa mtu wa kampuni ya bima, na nyumba yao ilikuwa ya watu wenye dini sana na wenye nafasi ya kutosha, ingawa si matajiri wa kutajika. Mtoto huyu hakujaliwa kimo wala nguvu za mwili. Hata alipokuwa mtu mzima alibaki mfupi, mwenye sauti nyembamba, na waliokutana naye kwa mara ya kwanza hawakudhani kwamba mbele yao yupo mtu wa kusafiri porini. Kile alichojaliwa ni macho na masikio. Kwa macho alichora wanyama. Kwa masikio alizishika lugha. Alipokuwa kijana alihudhuria masomo katika Chuo cha King's mjini London, akajifunza Kifaransa, Kiitalia, Kihispania na Kireno, na papo hapo akawa mtu wa kushinda katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, akichora simba na ndege na kujifunza jinsi mifupa na misuli ilivyopangwa chini ya ngozi.

Mwaka 1876 aliingia katika shule ya uchoraji ya Royal Academy, ambayo ndiyo iliyokuwa yenye heshima kubwa zaidi Uingereza. Huko mwanafunzi hufundishwa kuchora umbo la mwili kwa penseli kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa rangi. Mafunzo hayo ya subira yalimkaa maishani. Mtu akizitazama picha zake za miaka ya baadaye ataona mara moja kwamba mchoraji alianza na mstari, akauhakikisha, ndipo akaleta rangi. Hakuwa mmoja wa wale wachoraji wanaomwaga rangi kwanza na kutafuta umbo baadaye.

Safari yake ya kwanza katika Afrika ilikuwa ya uchoraji mtupu. Katika miaka ya 1879 na 1880 alikaa Tunis, mji wa bandari katika Afrika ya Kaskazini, akichora majengo, watu na nchi yenye jua kali. Lakini mwaka uliofuata, 1881, Ufaransa iliitwaa Tunis, na kwa kuwa alikwisha kuijua nchi hiyo na kuanza Kiarabu chake, mambo ya siasa yakamwingia kichwani. Tangu hapo twaweza kusema kwamba ndani ya mtu mmoja waliishi wawili: mmoja atazamaye nchi kwa sababu ni nzuri, na mwingine aitazamaye kwa sababu yaweza kutwaliwa. Hawakuachana tena.

Mwaka 1882 alifuatana na mwungwana mmoja Mwingereza, Earl wa Mayo, kwenda kusini mwa Angola. Kisha akashika njia yake mwenyewe, akapanda mto Kongo, akakutana na Stanley, na mwaka 1883 akafika Bolobo. Safari hiyo ilizaa kitabu chake cha kwanza juu ya mto huo, kilichotoka mwaka 1884 kikiwa na picha alizochora mwenyewe. Wataalamu wa London wakatambua kwamba wamempata kijana awezaye kufanya peke yake kazi ya watu watatu: kukusanya mimea na wanyama, kuichora, na kuiandika habari yake.

Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1884 walimtuma Kilimanjaro. Alipitia Unguja, ambako balozi wa Uingereza, Sir John Kirk, alimsaidia kupata wapagazi, na ambako alianza kukizoea Kiswahili. Huko Moshi alikaa katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, na baadaye akaenda kwa Marealle wa Marangu. Alikaa miezi kadhaa mlimani, akapanda zaidi ya futi 16,000 kwa hesabu yake, akarudi na mamia ya mimea iliyokaushwa na daftari zilizojaa michoro. Lakini alirudi pia na karatasi za mikataba aliyoandikiana na wakuu wa Taveta, na karatasi hizo zikaja kutumiwa na Waingereza kama msingi wa madai yao katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mlima wake wa kwanza ulikuwa kama mazoezi ya ule wa pili: picha katika mkono mmoja, mkataba katika mkono mwingine.

Miaka iliyofuata twaipita upesi, kwani ni ya ofisi na bunduki zaidi kuliko ya rangi. Mwaka 1885 aliingia katika kazi ya serikali upande wa Kameruni na mito ya mafuta ya mawese, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Mwaka 1887 alimwalika Mfalme Jaja wa Opobo kwenye mazungumzo kwa ahadi ya usalama, akamkamata, na mfalme huyo mfanyabiashara akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya West Indies. Alifariki mwaka 1891 akiwa safarini kurudi, asiione tena nchi yake. Baadaye Johnston alitawala nchi iitwayo sasa Malawi, akapigana na wakuu wa Wayao, na mwishoni mwa mwaka 1895 Mlozi, mkuu wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akanyongwa huko Karonga. Mwaka 1896 alipewa heshima ya kuitwa Sir, akaoa, na homa ya maji meusi, ambayo ilikwisha kumshambulia zaidi ya mara moja, ikamfukuza nchi hiyo. Alirudi Tunis kuwa balozi mdogo kati ya 1897 na 1899.

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa alipofika Uganda mwishoni mwa mwaka 1899, akiwa Kamishna Maalumu: mtu wa miaka 41, mgonjwa mara kwa mara, mwenye ujuzi wa vitabu na wa mabavu pia. Serikali yake ilimtaka atengeneze utawala usiokula fedha nyingi. Tarehe 10 Machi, 1900, Mkataba wa Buganda ulitiwa sahihi. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na waliosimama kwa niaba yake walikuwa wasimamizi wa ufalme, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Nchi ya Buganda ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600, nazo zikagawanywa kabla hazijapimwa. Maili 9,000 zilizohesabiwa kuwa pori ziliwekwa chini ya serikali ya Malkia, na kodi ya nyumba ikawa rupia 3. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mkataba huo, wala hatuna haja ya kuyarudia hapa. Twataka kumfuata mtu huyu anapoiacha Mengo nyuma yake na kuelekea magharibi.

Alikuja huku mwaka huohuo wa 1900, pamoja na Bwana Doggett, kijana mjuzi wa kukusanya wanyama na kupiga picha kwa kamera. Ni vyema msomaji akumbuke jinsi kamera ilivyokuwa wakati ule. Ilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Ilionyesha umbo la jani, lakini haikuonyesha kwamba jani ni la kijani cha fedha; ilionyesha ndege, lakini haikuonyesha kwamba bawa lake ni jekundu. Ngozi za ndege ziliweza kupelekwa Ulaya zikiwa na rangi zake, lakini rangi ya macho na ya ngozi tupu hupotea mara mnyama afapo, na kinyonga akitiwa katika chupa ya dawa hugeuka kuwa kitu kisicho na rangi wala uhai. Mimea nayo hukauka ikawa kahawia yote. Kwa sababu hiyo msafiri aliyejua kuchora hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa chombo cha lazima, na kazi yake ilipaswa kufanywa siku ileile, kabla rangi haijatoroka.

Johnston na wenzake walipanda Rwenzori kwa bonde la mto Mubuku, njia ambayo wasafiri wengi waliitumia kabla yake na baada yake, wakiongozwa na Wakonzo walioujua mlima. Walifika zaidi ya futi 14,000, mahali pa barafu. Kila mtu aliyewahi kupanda huko ajua kwamba mlima huu haujitoi kwa mgeni mara moja. Kwanza kuna nyasi ndefu na mashamba, kisha msitu mzito, kisha mianzi, kisha ile nchi ya ajabu ambamo magome ya miti yamevikwa majani laini kama manyoya, na kila tawi lina ndevu zinazodondosha maji. Juu yake husimama lobelia, wima kama nguzo, na senesio zenye vichwa vikubwa vya majani, ambazo kwa nchi nyingine zingekuwa magugu ya kukanyagwa lakini huku zimekua zikawa miti. Mvua haikomi. Ukungu hufunga asubuhi na kufungua kwa muda wa kuhesabu tu, na katika muda huo mfupi theluji huonekana juu, kisha hupotea.

Kuchora kwa rangi za maji katika hali kama hiyo si kazi ndogo. Karatasi haikauki. Rangi iliyopakwa hutambaa na kuingia katika jirani yake. Mchoraji hulazimika kupanga rangi yake chini ya hema, akakimbilia mlango ukungu ufunguapo, akashika kile awezacho kushika, na mengine akayakamilisha kwa kumbukumbu. Mtu akilijua hilo ndipo aonapo ubora wa picha za mimea za Johnston. Shina, jani na ua vinajulikana ni vya mmea gani, na wakati huohuo picha si orodha ya viungo vya mmea. Ina hewa baridi ndani yake.

Matunda ya safari ile yamebaki katika majina. Ndege mmoja wa Rwenzori, mwenye manyoya ya kijani na buluu na mabawa mekundu yanayowaka arukapo, alipewa jina la kitaalamu la Johnston mwaka 1901. Yule kinyonga mkubwa mwenye pembe tatu, ambaye watoto wa milimani humwogopa, naye alipewa jina hilohilo mwaka uleule. Bila shaka ndege na kinyonga walikuwa na majina yao kwa Kikonzo karne nyingi kabla ya hapo. Lakini ndivyo ilivyokuwa desturi ya elimu ya wakati ule: kitu hakikuhesabiwa kuwa kimejulikana mpaka kijulikane London.

Jicho la mchoraji nalo hudanganywa. Johnston aliposimama chini ya vilele vya Rwenzori, akavipima kwa macho, aliamini kwamba vinazidi futi 20,000, yaani kwamba vinaushinda Kilimanjaro aliouzoea. Mwaka 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alivipanda vyote vikuu na kuvipima, na kilele cha Margherita kikaonekana kuwa na futi zisizofika 17,000. Katika safari hiyo ya Waitalia alikuwepo mpiga picha Vittorio Sella, na picha zake za kamera ndizo zilizokuja kusifiwa duniani kote. Sisi twaona kwamba sifa hizo ni za haki. Sella aliyapiga mawe na barafu yakasimama kama yalivyo. Hata hivyo picha zake hazina rangi, na kwa habari ya rangi bado yampasa mtu arudi kwa Johnston.

Habari ya okapi ndiyo inayojulikana zaidi, nayo ilianza kwa jambo la ubinadamu. Mjerumani mmoja mwenye kazi ya maonyesho aliwachukua Wambuti kutoka msitu wa Ituri ili awapeleke Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900, wakatazamwe na watu kwa malipo. Johnston aliwaokoa mikononi mwake, wakakaa Entebbe kwa miezi kadhaa, na alipokuja magharibi akawarudisha kwao. Katika siku hizo alizungumza nao sana. Walimweleza juu ya mnyama wa msituni mwenye miguu yenye milia. Pia aliwapima miili na kuwapiga picha, kama alivyowafanyia watu wengi aliokutana nao. Hatuwezi kulificha hilo.

Alipofika Beni, wakati ule ikiitwa Mbeni, katika boma la Wabelgiji lililo karibu na mto Semliki, safari ambayo wafanyabiashara wa Mpondwe na Kasindi siku hizi huenda kwa gari pasipo kuifikiria, aliwauliza maofisa. Walimjibu kwamba mnyama huyo yupo na kwamba askari wao hujifanyia mishipi kwa ngozi yake. Wakampa vipande viwili vya mishipi hiyo. Aliingia msituni kumtafuta. Waongozaji wake wakamwonyesha nyayo zake, lakini nyayo zilikuwa za kwato mbili, na Johnston alikuwa amekwisha kujiaminisha kwamba anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi na punda milia. Akadhani wanamdanganya, akaziacha. Wale waongozaji ndio waliokuwa na ukweli.

Vipande vya ngozi vilipelekwa London, na mtaalamu aliyevitazama akampa mnyama jina la kitaalamu katika jamii ya farasi. Kisha Karl Eriksson, Mswidi aliyekuwa ofisa wa boma lile, akampelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mnyama huyo ni ndugu wa twiga. Mwaka 1901 akapewa jina la okapi lililomo vitabuni mpaka leo, likifuatwa na jina la Johnston.

Kwa maoni yetu hapo ndipo uchoraji wake ulipojaribiwa kweli. Alikuwa na ngozi iliyokauka na mifupa ya kichwa. Mnyama mwenyewe hakuwahi kumwona akiwa hai. Hata hivyo alichukua brashi, akawarudia walimu wake wa Royal Academy na siku zake za bustani ya wanyama, akaujenga mwili ndani ya ngozi ile: shingo ndefu kidogo, masikio mapana, mgongo ushukao nyuma, rangi nyekundu iliyoiva ielekeayo weusi, na milia myeupe ya mapajani na miguuni. Picha hiyo ndiyo iliyowapa watu wa Ulaya sura ya okapi. Wanaomjua mnyama watapata makosa madogo katika mkao wake. Lakini mtu akikumbuka kwamba mchoraji alianza na mishipi ya askari, atakubali kwamba ni kazi ya mtu mwenye akili na mkono mwema.

Picha hizi na nyingine nyingi zilikusanywa katika kitabu chake kikubwa juu ya Uganda, kilichotoka London mwaka 1902 katika majuzuu mawili. Ndani yake mna picha za rangi 48 za ukurasa mzima, zilizochorwa na mwandishi mwenyewe, mbali na mamia ya michoro na picha za kamera. Mna maziwa na ndege wa majini, nchi za malisho, maua na miti. Johnston alipenda maji na viumbe vyake. Makundi ya heroe wa Ziwa Bogoria, ambalo wakati ule Waingereza waliliita Hannington, yalimfanya aandike kama mtu aliyelewa kwa furaha. Penye ndege, mnyama au mmea, picha zake zina uhai. Penye watu, zinapooza. Watu wake husimama kama vielelezo vilivyowekwa ili vipimwe, na maandishi yanayozifuata huwapanga binadamu kwa madaraja ya uzuri na ubaya ambayo leo hayasomeki bila aibu. Alikuwa na subira ya kukaa saa nzima mbele ya ua moja, lakini mbele ya uso wa mtu alifanya haraka.

Na hapo twalifikia jambo linalotuhusu zaidi sisi wa upande huu. Tarehe 26 Juni, 1900, Johnston alitia sahihi Mkataba wa Toro na Mfalme Kasagama. Kwa mkataba huo Busongora na nchi za milimani walimokaa Wakonzo zilihesabiwa kuwa ndani ya mipaka ya Toro, na misitu na ardhi isiyolimwa ikawa mali ya serikali ya Uingereza. Kwa mtawala mwenye fedha kidogo hilo lilikuwa jambo rahisi: mfalme mmoja, mkataba mmoja, kodi ipitie mlango mmoja.

Lakini Johnston hakuwa mtawala wa kawaida asiyeona kilicho mbele yake. Katika kitabu chake cha 1902 aliwaandika Wakonzo kuwa watu wa namna yao, wenye mila zao na lugha yao. Aliyakusanya maneno ya Kikonzo, na kwa kuwa alikuwa mjuzi wa lugha, aliitambua kuwa miongoni mwa lugha za Kibantu zilizohifadhi maumbo ya kale mno. Mtu aweza kumtetea kwamba kitabu kilikuja baada ya mkataba. Ni kweli. Ila alipokwisha kuyajua aliyoyaandika, mkataba ulibaki kama ulivyokuwa. Mkono uliotofautisha kijani cha jani moja na kijani cha jani la pili haukuona sababu ya kutofautisha watu wawili katika karatasi ya serikali.

Yaliyofuata wazee wa Bwera hawahitaji kuelezwa. Ziliandamana kodi, kazi za kulazimishwa, na utawala wa watemi wasiojua Kikonzo. Kuanzia mwaka 1919 Wakonzo waliinuka chini ya Nyamutswa na Tibamwenda, na viongozi hao wakauawa kwa amri ya serikali mwaka 1921. Kabla ya hapo, mwaka 1910, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekwisha kukubaliana mpaka unaofuata kijito cha Lhubiriha, ukawaacha Wakonzo huku na ndugu zao Wanande kule. Mwaka 1962 Isaya Mukirania na wenzake, Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, wakadai kutengwa na Toro, na vuguvugu la Rwenzururu likaanza. Wilaya ya pekee ilipatikana mwaka 1974. Silaha ziliwekwa chini mwaka 1982, na serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Haitakuwa haki kumtwisha mtu mmoja mambo ya miaka zaidi ya mia moja, kwani waliomfuata nao walikuwa na nafasi ya kusahihisha. Hata hivyo mstari wa kwanza ulikuwa wake.

Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901, akaacha kazi ya serikali akiwa bado mtu wa makamo. Alijaribu kuingia Bungeni mwaka 1903 na tena 1906, akashindwa mara zote mbili. Akafanya biashara Liberia, haikumletea faida. Kilichofaulu ni kalamu ya vitabu. Aliandika juu ya Liberia na Kongo, na baada ya kuitembelea Marekani kwa mwaliko wa Rais Theodore Roosevelt, alitoa mwaka 1910 kitabu juu ya watu weusi wa nchi za ng'ambo ya bahari, ambamo aliulaani utumwa kwa maneno makali kuliko yale tungemtarajia mtu aliyemkamata Jaja. Kati ya 1919 na 1922 akatoa kazi yake kubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu. Alipozeeka alikaa katika kijiji cha Poling, karibu na pwani ya kusini ya Uingereza, akiandika hata riwaya. Ugonjwa wa kupooza ulimpata mwaka 1925. Alifariki tarehe 31 Julai, 1927, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Poling.

Wanahistoria wamempa kurasa nyingi, lakini wanaoandika juu ya uchoraji wamempa mistari michache. Si ajabu. Picha zake zilitoka zikiwa ndani ya vitabu vya safari na vya elimu ya wanyama, na watu wa sanaa hawafungui vitabu hivyo. Watu wa elimu ya wanyama nao walipokwisha kupata picha za kamera zenye rangi hawakumhitaji tena. Huku kwetu vitabu vyake ni adimu na ni vya bei kubwa, na kwa hiyo mtoto wa Bwera anaweza kumaliza shule bila kuiona picha moja ya mlima wake iliyochorwa na mtu aliyeupanda zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hasara hiyo inazidi kukua kwa sababu moja ambayo Johnston asingeweza kuiwazia. Rwenzururu ni mahali pa theluji, na katika theluji hiyo wazee waliweka makao ya Kithasamba. Wataalamu waliopima barafu ya mlima huu walikuta kwamba kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, nusu tu ya ile iliyokuwepo mwaka 1987, na tangu hapo imeendelea kupungua. Barafu ya bonde la Mubuku aliyoifikia Johnston mwaka 1900, akiwa amelowa na kutetemeka, na karatasi yake ikiwa haitaki kukauka, haipo tena mahali alipoikuta.